Nani Alipie Matundu ya Paa?



Magari mengi yanayobeba abiria na mizigo kati ya Arua na Koboko yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu. Yanafika na paa zima. Kisha tajiri anataka keria, maana magunia na magodoro hayaingii ndani, na fundi anaamriwa ashike keekee atoboe. Matundu manane, bolti nane, raba kidogo, kazi imekwisha. Mvua ikinyesha, maji hupita kando ya raba, hulowesha dari, na bati huanza kuliwa na kutu upande usioonekana. Mzigo wa abiria ukilowa, wako madereva wanaokatwa ujira kwa tundu wasilolitoboa wao.

Baadaye keria huondolewa ili gari liuzwe, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Tajiri anataka matundu yafichwe kwa bei ya soda. Fundi anajaza pati, anapiga msasa, anapuliza rangi, gari linang'aa. Lakini pati haishiki juu ya kutu, tena hunyonya unyevu. Barabara ya Arua hadi Koboko ina lami siku hizi. Ukiiacha kwenda vijijini paa linatikisika na pati inapasuka. Mnunuzi akirudi kwa hasira anamlaumu nani? Fundi. Tajiri wa kwanza yuko zake, fedha mfukoni.

Kwa maoni yangu lawama hiyo si ya haki, ingawa wako mafundi wanaoistahili.

Kazi ya kweli inajulikana. Kwanza waya wa betri ufunguliwe na dari ishushwe, kwani kitambaa na sponji hushika moto upesi kuliko mtu awezavyo kukimbilia maji. Kutu ikwanguliwe juu na chini mpaka bati liwe jeupe. Bati la paa la gari dogo halifiki unene wa milimita moja; ukilichomelea kama geti la nyumba litajikunja, na kulinyoosha ni taabu kuliko tundu lenyewe. Kwa hiyo fundi mzuri hukinga kipande cha shaba chini ya tundu, hugusa moto kidogo, huacha bati lipoe, hugusa tena. Kwa tundu dogo wengine hutumia risasi ya kulehemia, ambayo haihitaji moto mkali, ila asidi yake sharti ioshwe, la sivyo yenyewe italeta kutu. Pati huja mwisho, nyembamba, juu ya rangi ya kuzuia kutu. Na kwa ndani hupakwa rangi hiyo hiyo kabla dari haijarudi.

Kazi kama hiyo si ya nusu saa, wala haiwezi kulipwa kama ya nusu saa. Tena inafanywa na vijana wanaotazama moto kwa miwani ya jua na kuvuta vumbi la pati bila kitambaa puani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tangu 2022 kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kumchangia katika NSSF. Ni gereji ngapi mtu ataingia akute hayo?

Tangu 2018 serikali imezuia kuingiza magari ya kawaida yaliyozidi miaka 15, kwa hiyo haya tuliyo nayo yatatumika sana. Tajiri anayetaka keria anunue ile ya kubana pembeni mwa paa. Aliyekwisha kutoboa alipie matengenezo kamili, bei ipatanwe kabla ya dari kushushwa. Na anayeng'ang'ania pati peke yake, fundi aandike kwenye risiti: matundu yamejazwa pati, hayakuchomelewa. Tajiri atie sahihi. Akikataa, aondoke na gari lake.