Kitabu cha Kusomewa si Kitabu cha Kusoma

Kuna dhana moja katika uhakiki wa fasihi ya watoto ambayo imeachwa ijikite bila kuhojiwa, nayo ni kwamba kitabu kifaacho kusomwa kwa sauti mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi ni kile kile kifaacho kusomwa na mwanafunzi mwenyewe. Makala haya yananuia kuipinga dhana hiyo. Aidha, yanadai kwamba lawama haimwendei mwalimu wa darasani hata kidogo ikilinganishwa na ile inayotuelekea sisi wa vyuo vikuu, ambao ndio waandishi wa vitabu hivyo, wahariri wavyo, na mara nyingi wasomaji wa miswada kabla haijapigwa chapa.

Vitabu vya ngazi, yaani vile vilivyopimwa msamiati na urefu wa sentensi ili mtoto aweze kuvisoma peke yake, vina kazi yake na hatuvibezi. Tangu 2015, mpango wa Tusome ulipoanza kutekelezwa katika shule za umma kote nchini, azma ya kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi wa madarasa ya chini ilikaribia kuwa kweli kuliko wakati wowote uliotangulia. Mtoto anayejifunza kuunganisha silabi anahitaji sentensi fupi. Lakini mtoto anayesikiliza hana mzigo wa kuunganisha silabi. Mzigo huo umebebwa na mwalimu. Masikio yake yana uwezo unaoyapita macho yake kwa miaka kadhaa, na kumsomea matini iliyopimwa kwa macho ni kumlisha uji mtu mwenye meno.

Tutazame lugha yenyewe. Matini ya ngazi aghalabu huwa namna hii (mfano ni wetu, lakini msomaji ataitambua sura yake): Juma ana paka. Paka ni mweusi. Paka anapenda samaki. Hapana kosa la sarufi hapa, ila hapana masimulizi pia. Sasa tulinganishe: Paka akanyata, akanyata, akanyata hata akafika mlangoni, akachungulia, akaona samaki yuko peke yake, naye mwenye samaki amelala fofofo. Kinachoendesha sentensi hii ya pili ni kiambishi -ka-, mhimili wa usimulizi wa Kiswahili, kinachofunga tendo na tendo hata msikilizaji asipate mwanya wa kuuliza kama hadithi imekwisha. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mfululizo wa vitenzi vya aina hiyo hujizalia mapigo bila mwandishi kutafuta vina. Mwanafunzi anayeingia Gredi ya 4 bila ya kuisikia -ka- ikitenda kazi yake kwa ukurasa mzima, tutamlaumuje anapoandika insha ya matukio yaliyosimama kama nguzo za ua, kila moja peke yake? Tanakali za sauti nazo zimefukuzwa katika vitabu vya ngazi kwa sababu hazimo katika orodha ya msamiati. Jiwe halianguki tena majini chubwi, linaanguka tu.

Muhula mmoja nilikaribishwa katika shule ya msingi ambayo sitaitaja, nikaketi nyuma ya darasa wakati wa kipindi cha kusikiliza na kuzungumza. Mwalimu alikuwa na sauti nzuri na bidii isiyo na shaka. Hadithi ilihusu mbuzi aliyepotea sokoni. Baada ya kila aya alisita na kuuliza maswali mawili au matatu, kama mwongozo ulivyomwelekeza. Mbuzi akawa anapotea na kupatikana na kupotea tena kati ya maswali. Mwishowe aliuliza, “Tumejifunza nini?” Darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba tumejifunza kuwatii wazazi. Katika hadithi ile hapakuwa na mzazi hata mmoja. Watoto hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekwisha kutambua kwamba swali lile lina jibu lake la kudumu, lisilohitaji hadithi.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wetu na wale wanaochagua vitabu kwa kigezo cha maadili. Nimewahi kusikia mwalimu mwenye uzoefu akizikataa Hekaya za Abunuwasi kwa hoja kwamba zinafundisha uwongo. Sufuria ya kuazima inarudishwa na kitoto chake, mwenyewe anapokea kwa furaha kwamba imezaa. Siku anapoambiwa imekufa, anakuja juu. Ni kweli kwamba Abunuwasi amedanganya. Lakini mtoto wa miaka tisa anayecheka hapo amefanya kazi nzito ya kimantiki: amegundua kwamba aliyekubali faida ya upuuzi hana haki ya kuukataa upuuzi huo unapomletea hasara. Muhtasari wa “uwongo ni mbaya” utamnyang'anya ugunduzi huo. Chukua pia kisa cha Sultani Darai, kilichomo katika mkusanyiko alioutoa Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja. Paa anamtajirisha masikini, anamwoza binti wa sultani, kisha anaugua, na yule aliyemtajirisha anakataa kumtunza mpaka anakufa. Kisa hiki kikisomwa vizuri, darasa hunyamaza. Ukimya huo ndio uelewa, na mwalimu anayeuvunja kwa swali la ufahamu anaharibu alichokijenga.

Hatusemi kwamba maadili ni adui wa usimulizi. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, ina maadili mpaka katika jina la mhusika wake mkuu. Hata hivyo, inawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi ikisomwa kwa mafungu, kwa sababu inatanguliza kitendawili: kwa nini mtu mwema kiasi hiki huwapiga manyani wawili kila usiku? Mwalimu akifunga kitabu penye swali hilo, hana haja ya kuwahimiza watoto waje kesho. Wema wa Adili unakuja baadaye, kama jibu la jambo waliloliuliza wenyewe.

Tutaambiwa kwamba lugha hiyo ni ngumu, na kwamba kwa wanafunzi wetu wengi Kiswahili si lugha ya nyumbani. Hoja hii tunaiheshimu, ila inatuunga mkono. Mtoto wa Nyeri au wa Bungoma hukisikia Kiswahili barabarani na dukani, kwa vipande vifupi vya kuulizia bei. Wa Nairobi hukisikia kikiwa kimevaa Sheng. Ni wapi atakaposikia sentensi ya maneno thelathini iliyopangwa kwa uangalifu, yenye -po- na -nge- mahali pake, kama si katika kinywa cha mwalimu anayesoma? Kiimbo, kituo na ishara ya mkono humfasiria maneno mengi ambayo kamusi isingemfasiria. Tena jambo hili ni rahisi kuliko miradi yote: darasa la watoto sitini linahitaji nakala moja tu.

Wala hatutetei ukale. Visa vingi alivyokusanya Steere vimetoka katika jamii iliyomiliki watumwa, na mwalimu asiyevipitia kwanza atajikuta ameyatamka asiyoyatarajia. Tafsiri za enzi ya ukoloni nazo hazilingani: nyingine husomeka kana kwamba Kiingereza kimevishwa kanzu. Na vitabu vipya vilivyoagizwa kubeba ujumbe, leo mazingira, jana UKIMWI, vitahukumiwa kwa kipimo hicho hicho cha sikio. Vichache vitapita, na vinavyopita tuvishangilie.

Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tunalijua hili. Katika mihadhara ya fasihi simulizi tunasisitiza utendaji, fanani na hadhira, na tunamkosoa mwanafunzi anayeichambua ngano kana kwamba haikupata kutamkwa. Kisha tunaketi kuusoma muswada wa kitabu cha watoto kimyakimya, kalamu nyekundu mkononi, tukihesabu msamiati na kutafuta funzo. Mahafali baada ya mahafali, tasnifu juu ya riwaya ya kimajaribio zinarundikana, ilhali namna Kiswahili kinavyomwingia mtoto sikioni tumewaachia wenzetu wa saikolojia.

Tunaipendekezea idara hii jambo moja lisilogharimu kitu. Msomaji wa muswada wowote wa watoto tunaoletewa na wachapishaji asiandike ripoti kabla ya kuusoma wote kwa sauti mbele ya watoto halisi, naye aeleze katika ripoti hiyo ni ukurasa gani watoto walianza kuchezea viatu vyao. Miswada miwili iko mezani pangu hivi sasa. Wa kwanza ulinishinda kuutamka ukurasa wa nne.