Baa ya kwanza Ifakara: Deni na kitanda ndivyo vya kuulizia kabla ya mshahara

MAVUNO ya mpunga yanapoanza katika Bonde la Kilombero, fedha huanza kuzunguka mjini Ifakara, na baa nazo huongeza wahudumu. Wanunuzi wa mchele, madereva wa malori na vibarua wa mashambani huingia mjini wakiwa na kitu mfukoni. Upande wa Kidatu, msimu wa kusaga miwa huleta neema ya aina hiyo hiyo. Tangu daraja la Mto Kilombero lilipozinduliwa mwaka 2018, magari ya Ulanga na Malinyi nayo hayategemei tena kivuko.

Neema hiyo ndiyo inayowavuta wasichana wanaotafuta ajira ya kwanza. Katika majiji wapo wanaoanzia kwenye vikundi vya kucheza jukwaani na kanga moja kiunoni. Ifakara, mlango wa kawaida wa kuingia katika kazi za usiku ni uhudumu wa baa, na baamedi mpya hulazimika kuchagua haraka aanzie wapi.

Uchaguzi huo huonekana kuwa jambo dogo, la kulinganisha mshahara wa baa hii na ile. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo wengi wanapopotea. Siku ya kwanza, kabla hajakubali, ndiyo siku ambayo mhudumu ana nguvu kuliko siku nyingine zote mbele ya mwajiri. Akiishapokea nauli na godoro, nguvu hiyo imekwisha.

Tuanze na deni. Mara nyingi msichana hutumiwa nauli na mwenye baa, au huletwa na dalali anayedai chake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mhudumu mpya, matanga huanza siku chupa inapovunjika au mteja anapoondoka bila kulipa, na fedha zikaongezwa juu ya deni la nauli. Mwisho wa mwezi hubaki anadaiwa, na anayedaiwa haondoki.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inaruhusu makato ya hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Ni lazima apewe maelezo ya maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye baa ni hili: mteja akiondoka bila kulipa, nani analipa? Anayejibu kwamba ni mhudumu, kila mara na bila kuuliza, amekwishajieleza.

Jambo la pili ni kitanda. Baa nyingine hutoa chumba nyuma ya kaunta au katika gesti iliyo jirani. Msaada huo una bei yake, kwa kuwa siku mhudumu anapogombana na bosi hupoteza kazi na makazi kwa pamoja. Tena anayelala kazini huamshwa wakati wowote mteja anapogonga. Chumba cha kupanga mtaani, hata cha kuchangia watu wawili, humpa uwezo wa kusema hapana.

Hapana hiyo si anasa. Utafiti uliofanyika mkoani Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukihusisha wahudumu wa baa 600, uliwakuta asilimia 68 wakiwa na virusi vya Ukimwi. Hiyo ilikuwa Mbeya ya wakati ule, si Ifakara ya leo, lakini somo lake halijachuja: ujira ukiwa mdogo na deni likiwa kubwa, mteja ndiye anayepanga masharti ya usiku. Aliyebakwa anapaswa kufika hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kinga, na Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya kesi za aina hiyo.

Jambo la tatu ni muda. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia tano ya mshahara wa msingi. Ni wahudumu wangapi wa baa waliowahi kuiona asilimia hiyo?

Lakini sheria hiyo hiyo ina tundu linalowaangukia zaidi watu wa msimu. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Anayeajiriwa wakati wa mavuno na kufukuzwa mpunga unapokwisha hawezi kulalamikia kufukuzwa kwenyewe. Anachoweza kudai ni ujira wake, na ofisi ya mkoa ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iko mjini Morogoro, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara.

Ndiyo maana karatasi ni muhimu. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Asipoweza kuyaonyesha panapotokea shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

Kwa anayeanza, shahidi bora si mhudumu aliyepo kaunta, kwa kuwa huyo analinda kibarua chake. Ni yule aliyeacha kazi pale. Amtafute, amuulize kwa nini aliondoka na kama alilipwa mwezi wake wa mwisho. Kisha afike baa hiyo saa ya kufunga hesabu, aone wanawake wanavyosemeshwa.

Juni 2024 wilayani Ubungo, Dar es Salaam, wanawake walikamatwa katika maeneo ya starehe kwa tuhuma za kujiuza. Ni rahisi kumkamata aliyesimama nje ya baa. Ni vigumu zaidi kufungua daftari la mwenye baa na kuhesabu makato, ingawa hapo ndipo mengi ya mambo hayo huanzia.

Halmashauri zinazotoa leseni za vileo zinao uwezo wa kuanzia hapo: mwombaji aonyeshe mikataba ya wahudumu wake kabla ya leseni kuhuishwa. Chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, Chodawu, nacho kina wajibu wa kufika Ifakara msimu wa mavuno, wakati wahudumu wapya wanaajiriwa. Kikisubiri mpunga uishe, wengi wao watakuwa wamekwishaondoka, na madai yao mkononi.