Kompyuta Yenye Mbio kwa Mshahara Mdogo

Fundi akikuambia kwamba prosesa ya bei ndogo yaweza kuongezwa mwendo ikafanya kazi ya ile ya bei kubwa, usimcheke. Jambo hilo limekwisha kutokea.

Mwezi wa Agosti 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron 300A ya megahezi 300 kwa dola 149, bei za wanunuzi wa jumla. Prosesa hufuata mapigo ya ubao mkuu ambamo imechomekwa. Celeron hiyo iliyazidisha mara nne na nusu, na kizidisho chake kilifungwa kiwandani. Lakini mapigo ya ubao wenyewe hayakufungwa! Mtu akiyapandisha kutoka megahezi 66 hadi 100, Celeron ilifika 450, na nyingi zilistahimili. Ghala lake la kumbukumbu lilikuwa dogo, kilobaiti 128 tu, ila lilikuwamo ndani ya prosesa na kwenda nayo mwendo mmoja. La Pentium II, kilobaiti 512, lilikaa nje likienda nusu ya mwendo.

Nyingi, si zote. Iliyogoma iliongezwa volti, na hapo ndipo penye hatari, kwani joto hupanda upesi kuliko volti zenyewe. Tena kompyuta iliyozidishiwa si lazima iungue. Yaweza kukosea hesabu kimya kimya, na hati za nyumba au picha za watoto zikaharibika bila mtu kujua. Yafaa ijaribiwe kwa kazi nzito usiku kucha kabla ya kutiwa kitu cha thamani.

Siku hizi mambo yamegeuka. Prosesa hujiongeza mwendo zenyewe kadiri joto linavyoruhusu, na nyingi za Intel za bei nafuu zimefungwa zisipandishwe. Kwa hiyo bibi anayeshika fedha ya nyumba asikubali mshahara wa bwana uishie katika mitambo ya kupozea kwa maji na taa za rangi (taa hizo haziongezi mwendo hata chembe). Na anunue kompyuta ya ofisi iliyokwisha tumika, aondoe diski ya kuzunguka, atie SSD, na memori ifike gigabaiti 16. Feni ipanguswe vumbi, na dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ipakwe upya. Kisanduku cha kugawa umeme kisiwe cha kuokoteza. Kikiungua chaweza kuondoka na vyombo vyote vilivyounganishwa nacho.