Ndiyo, tunapiga ndege picha kwenye theluji. Shida iko wapi?

Wandugu, tangu baridi ianze, wenzetu waliopelekwa Marekani wanatutumia picha kwenye grupu, na majibu ni yaleyale. Mtu akisimama kando ya gari lililofunikwa na theluji, anapewa mioyo na moto. Akituma kindi anayechimba theluji pale Central Park, New York, anaulizwa: "Yaani umevuka bahari ili upige picha panya wa mtini?" Wengine wanasema hiyo ni kazi ya wazungu wasio na shida. Sisi tunaoandika hapa, wengine tuko Nyarugusu, wengine tuko hukohuko kwenye baridi, na tunapinga.

Kwanza, kindi yule si wa kuchekwa. Kindi wa kijivu halali baridi nzima kama wanyama wengine wa huko. Majani yakianza kuanguka anafukia mbegu za mwaloni ardhini, mojamoja, mahali pengi, halafu theluji ikija anarudi kunusa na kuchimba. Nani kambini hajui akiba ya namna hiyo, mgao ukipunguzwa? Na yule ndege mwekundu anayeitwa kardinali hahami kwenda kusini. Anabaki palepale, anatutumua manyoya mpaka anakuwa kama mpira, ili hewa ya joto isitoke mwilini. Mchana wa huko ni mfupi, usiku ni mrefu. Ndege mdogo asiposhiba kabla ya giza anaweza asiamke.

Sasa hapo ndipo tunapotaka kusema jambo. Sisi tunajua kupigwa picha tukiwa na njaa. Wageni wamekuja kambini na kamera kubwa, wakatupanga, wakamwambia mtoto asitabasamu. Kuna shirika moja liligawa biskuti ili watoto wakae penye mwanga mzuri. Picha zikaenda, hatukuziona tena. Bustanini nako kuna watu wanafanya vilevile kwa wanyama: wanarusha karanga ili kindi asogee, wanapiga makofi ili ndege aruke na picha ipendeze. Wengine wanatumia hadi panya wa kununua kumvuta bundi. Ndege akirushwa bure kwenye baridi ile, anamaliza nguvu alizozitafuta asubuhi nzima. Mtu aliyewahi kuwa upande ule wa kamera asifanye hivyo, bana. Simama mbali, tulia. Mnyama akiacha kula na kuanza kukutazama wewe, umesogea mno, rudi nyuma.

Mwezi Januari 2021 bundi mweupe wa kaskazini alitua Central Park, na habari zikasema hajawahi kuonekana pale tangu 1890. Watu walijaa na kamera zao. Kwetu bundi akitua juu ya nyumba wazee wanaanza kuhesabu nani mgonjwa, kule wanamkimbilia! Kunguru nao walimsumbua, kwa hiyo si sisi binadamu peke yetu.

Lakini kuna hofu moja ya wazazi ambayo hatuwezi kuicheka. Kijana mweusi, kofia imeshuka hadi machoni, amesimama nyuma ya mti nusu saa, ana kitu cheusi mkononi. Tarehe 25 Mei 2020 Christian Cooper, Mmarekani mweusi anayependa ndege, alikuwa hapohapo Central Park. Alimwomba mwanamke mmoja mzungu amfunge mbwa wake kamba, kama sheria ya sehemu ile inavyotaka. Yule mama akawapigia polisi simu, eti mtu mweusi anamtishia. Jioni ya siku hiyohiyo George Floyd aliuawa Minneapolis. Cooper hakuacha darubini yake, na mwaka 2023 alipata kipindi chake cha ndege kwenye televisheni. Kwa hiyo tunasema: nendeni. Nendeni wawili, vaeni koti la rangi inayoonekana, msiache njia. Tunachukia kuandika ushauri huu kwa watu waliokimbia vita, lakini tunauandika. Bustani ile ina hekta 341 na haina kiingilio. Hakuna aliyesema ni ya watu fulani tu.

Na kuhusu picha zenyewe, jamani, rekebisheni mwanga. Simu ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Theluji inatoka ya kijivu na nyuso zetu zinatoka makaa. Gusa skrini, pandisha mwanga kidogo. Kisha rudisha simu ndani ya koti, karibu na mwili, maana baridi inakula betri.

Mkituma, andikeni pia mnyama alikuwa anafanya nini, saa ngapi, na nyinyi vidole vilikuwa vinauma kiasi gani. Picha za magari tunazo tele.