Goti Moja, Makocha Wawili

Mwadui inajulikana kwa almasi, lakini watoto wake wanaijua pia kwa mpira. Timu ya Mwadui ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka 2015, ikashuka daraja mwaka 2021, na kumbukumbu ya miaka ile ingali inawakimbiza vijana wengi viwanjani. Hapo ndipo mtoto wa miaka 13 hujikuta chini ya makocha wawili. Siku za shule mwalimu wa michezo humwandaa kwa UMITASHUMTA. Mwisho wa wiki humwandaa kocha wa mtaani, ambaye mzazi humlipa ada.

Goti likianza kuuma, mmoja humwambia apumzike. Mwingine humwambia kuwa maumivu ndiyo kukomaa, aongeze mbio. Mtoto huwaitikia wote wawili, maana kumkatalia yeyote ni kupoteza namba. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sidhani kwamba mmoja wa makocha hawa ni mjinga, wala sioni sababu ya kumlazimisha mtoto amwache mmoja. Mwalimu humpa mashindano na nidhamu bila malipo. Kocha wa mtaani humpa ufundi. Kosa liko kwingine: kila mmoja huhesabu mazoezi yake peke yake, ilhali goti huyahesabu yote.

Katika umri wa kurefuka kwa kasi, kano inayotoka kwenye kilegesambwa hushika sehemu ya juu ya muundi ambayo bado ni gegedu la ukuaji. Kila kuruka na kila shuti huivuta. Mivuto ikizidi muda wa kupona, mahali hapo huvimba na kuuma. Waganga huuita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Kwa kawaida hupona mifupa inapomaliza kukua, na tiba yake kuu ni kupunguza mzigo, kukanda kwa barafu na kunyoosha misuli ya paja. Kumeza diklofenaki ili mtoto amalize mechi si tiba. Ni kuizima kengele huku moto ukiwaka.

Kwa hiyo nawaomba wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya waongeze swali moja: “Nani mwingine anakufundisha, na kwa siku ngapi?” Wataalamu wa tiba ya michezo nchini Marekani wanashauri kwamba saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka, na kwamba apate walau siku moja ya kupumzika kabisa. Mwenye miaka 13, basi, asizidishe saa 13, za shule na za mtaani zikijumlishwa pamoja. Jibu la mtoto likishapatikana, muuguzi au tabibu aandike ushauri mmoja kwenye karatasi moja, ausome mbele ya mzazi, na nakala iwafikie makocha wote wawili. Neno la mtoto hupuuzwa kwa urahisi. Karatasi ya zahanati haipuuzwi hivyo.

Tusiharakishe, hata hivyo, kuulaumu mpira kwa kila goti. Maumivu ya goti huweza kuwa yametoka kwenye nyonga, hivyo nyonga nayo ichunguzwe. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, homa, kupungua uzito, kuchechemea au uvimbe usioisha vinahitaji rufaa bila kungoja mashindano yaishe. Na katika Kanda hii ya Ziwa, ambako selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, imeenea, mtoto mwenye maumivu ya mifupa yanayojirudia apimwe damu. Kwa mtoto huyo, amri ya kukimbia juani bila kunywa maji si suala la nidhamu. Yaweza kuwa suala la uhai.

Mzazi, nawe una sehemu yako. Uliyelipa ada una haki ya kuuliza, na mwenye mtoto shuleni una haki ya kubisha hodi ofisini kwa mwalimu. Wakutanishe wawili hao hata kwa dakika kumi kando ya uwanja, wakubaliane ni siku ipi mtoto hatacheza kabisa. Mzigo wa kuwapatanisha watu wazima wawili usibebwe na goti la mtoto wa miaka 13.