Kocha Mgeni na Warithi Wake: Safari ya Norma Plummer katika Netiboli

Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia la Netiboli mjini Cape Town mwaka 2023, mashindano hayo yakifika barani Afrika kwa mara ya kwanza, kikosi cha wenyeji kiliongozwa na Norma Plummer wa Australia, aliyerejeshwa kazini muda mfupi kabla.

Sifa zake hazina ubishi. Alikuwa mchezaji wa kikosi cha Australia kilichotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1975, kisha akiwa kocha akaiongoza nchi hiyo kulitwaa taji mwaka 2007 na tena 2011 nchini Singapore, kwa mabao 58-57 dhidi ya New Zealand baada ya muda wa nyongeza.

Alipoanza kuifundisha Afrika Kusini mwaka 2015, alikabidhiwa pia jukumu lisiloonekana kwenye msimamo wa mashindano, nalo ni kuwaandaa makocha wazawa. Mwaka 2019 jijini Liverpool timu hiyo ilifika nusu fainali, ikafungwa na Australia, nchi ya kocha huyo, kwa mabao 55-53 tu, na kumaliza ya nne.

Msaidizi wake, Dorette Badenhorst, akapokea kijiti. Mwaka 2022 Afrika Kusini ilishika nafasi ya sita katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kabla ya Kombe la Dunia, Plummer akaitwa tena. Kwa nchi mwenyeji uamuzi huo unaeleweka, ingawa muda aliopewa mrithi ulikuwa mfupi mno kuipima kazi ya ualimu.

Cape Town wenyeji walitoka sare ya 48-48 na New Zealand, lakini wakamaliza wa sita. Nafasi ya tano ilikwenda kwa Uganda, chini ya kocha mzawa Fred Mugerwa. Matokeo hayo hayamwondolei kocha mgeni thamani yake. Yanahoji tu anamwachia nani daftari lake. Hata kwetu Tanzania, ambako wachezaji wengi huibukia UMITASHUMTA na UMISSETA, mwalimu wa michezo shuleni ndiye kocha wa kwanza, na aghalabu ndiye wa mwisho kukumbukwa mafunzo yanapotolewa.

Mwaka 2024 Afrika Kusini ilimkabidhi timu Jenny van Dyk, kocha wa nyumbani. Kombe la Dunia lijalo litachezwa Sydney mwaka 2027.