Utepe Uliopotea na Desturi ya Kufuta Kila Kitu

Mtumiaji wa kompyuta yenye mfumo wa Linux huweza kuiwasha asubuhi akakuta kwamba utepe wenye saa, orodha ya programu na majina ya madirisha yaliyo wazi haupo tena. Picha ya nyuma ipo, kishale kinatembea, lakini hana pa kuanzia kazi. Aghalabu fundi aitwaye hutoa hukumu moja tu: diski ifutwe, mfumo uwekwe upya. Hukumu hiyo, nionavyo mimi, ni adui wa elimu, na yafaa tuipinge.

Tuchukue mfano wa Xfce, mazingira ya kazi yaliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, ambayo hupendwa kwa kompyuta zenye uwezo mdogo. Kile tukionacho kiooni kama kitu kimoja, kwa hakika ni kazi ya programu kadhaa zinazoshirikiana. Programu ya xfdesktop huchora picha ya nyuma. Xfwm4 huyapa madirisha fremu zake. Xfce4-panel hutunza utepe. Kwa hiyo, picha ikiwapo na utepe usiwepo, kompyuta yenyewe imekwisha kutuambia kwamba sehemu kubwa ya mfumo ni nzima. Hapana sababu ya kubomoa nyumba kwa ajili ya bawaba moja.

Uchunguzi na uende hatua kwa hatua. Kwanza, kishale kisogezwe hadi ukingoni mwa kioo, kwani huenda utepe umewekewa mpango wa kujificha. Usipojitokeza, bonyeza Alt pamoja na F2, andika xfce4-panel, kisha bonyeza Enter. Utepe ukirejea, basi programu yake ilikuwa haijaanzishwa. Xfce huweza kuhifadhi orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi wakati mtumiaji anatoka. Utepe ukiwa umezimika saa ile, safari inayofuata mfumo huanza bila utepe. Dawa yake ni kutoka tena utepe ukiwapo, na kuhifadhi orodha mpya.

Usiporejea, amri ile ile iandikwe katika dirisha la amri, ambamo ujumbe wa kosa utasomeka. Kisha ingia kwa jina la mtumiaji mwingine. Utepe ukionekana huko, hitilafu imo katika mipangilio ya mtumiaji wa kwanza, wala si katika mfumo. Hapo faili liitwalo xfce4-panel.xml, lililomo ndani ya folda iliyofichika ya .config, hubadilishwa jina wakati mwenyewe hajaingia. Halifutwi, ili liweze kurudishwa ikihitajika.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuweka mfumo upya ni haraka zaidi. Ni kweli, mradi diskini hamna kitu cha thamani. Lakini tasnifu ya mwanafunzi au hesabu za shule zikifutwa pasipo nakala, huenda zisipatikane tena. Isitoshe, afutaye hajui chanzo, na asiyejua chanzo hawezi kuzuia hitilafu isirudi.

Vyuo vinavyofundisha mafundi havina budi kubadili mtihani wao. Mwanafunzi apewe kompyuta yenye hitilafu, na kabla hajagusa chochote, aeleze ni sehemu ipi ingali nzima na amelijuaje hilo.